Mlango wa Sitaha ya Tisa

Msimu wa nne uliishia hapa:
mkono wa nahodha juu ya kitasa cha chuma,
kidole kimoja kimeshainama,
kisha skrini ikawa nyeusi, majina yakapanda,
ya mafundi umeme, ya washona mavazi,
na msimu wa tano haukuja.

Miaka kumi na tisa kidole kile kimeinama.

Mimi nilipigiwa simu Jumanne, Port Talbot,
ghorofani, juu ya duka la kufulia nguo,
mashine zikizunguka chini ya nyayo zangu
kana kwamba jengo zima linajiandaa kupaa.
Philippa, mhariri, kutoka London:
riwaya moja, maneno elfu themanini, wiki tisa,
malipo ya mkupuo,
jina langu dogo chini ya jina kubwa la tamthilia.
Nikakubali. Paa lilikuwa linavuja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe lilifika kabla yangu, kwa baruapepe,
kurasa kumi na nne za makatazo:
Nahodha Varga asife, asiolewe, asinyoe nywele.
Mashine iitwayo Mjomba isicheke.
Rangi ya sayari isitajwe.
Na kifungu cha mwisho, kwa herufi nzito:
mlango wa sitaha ya tisa usifunguliwe.
Kampuni inautunza. Huenda siku moja ikaja filamu.

Basi nikaandika kwa kuuzunguka.
Nikawapa vita na wachimba barafu,
nikawapa homa, harusi ya watu wasiojulikana,
bustani ya nyanya iliyooza kwa usiku mmoja.
Nguo ya kuazima haisitiri;
hii ilinibana hata kwapani.
Kila utani wa nahodha niliujaribu kwanza kwa sauti yake,
jikoni, nikikaanga mayai,
mpaka jirani, Bwana Prosser, akauliza ukutani
mgeni wangu ataondoka lini.

Wiki ya saba nikamkumbuka mpishi.
Misimu minne, na maneno yake mawili tu:
"Supu imepoa."
Makatazo hayakumtaja. Nani angekumbuka kumkataza?
Nikampa jina, Teodor, na goti bovu,
nikampeleka sitaha ya tisa usiku na ndoo ya maganda,
na pale, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
mlango ukabishwa hodi.
Kwa ndani.
Mara tatu, polepole, kama mtu aliyelelewa vizuri.
Teodor akaweka ndoo chini.
Hakufungua. Mkataba ni mkataba.
Akasema tu, "Karibu,"
akasimama hapo, goti likimuuma,
mpaka kule jikoni supu ikapoa.

Philippa akajibu: kazi safi, ila kampuni inaomba
ile hodi ya ukurasa wa mia mbili na kumi na moja iondoke.
Nikaiondoa.
Nikaipeleka ukurasa wa mia mbili na thelathini.
Hakuna aliyehesabu tena.

Novemba ikaja barua, kwa kalamu ya wino,
kutoka Merthyr, kwa mwanamke aitwaye Eluned Beddoe.
Kaka yake Hefin alishikilia miaka yote
kwamba nyuma ya mlango ule mna bahari.
Yeye alisema mna stoo ya mifagio.
Krismasi mbili hawakusemezana.
Hefin alikufa Machi; kitabu kilitoka Aprili.
"Sikuulizi mna nini," aliandika,
"najua hukuruhusiwa. Niambie tu:
yule aliyebisha hodi,
mkono wake ulikuwa umelowa?"

Nikapekua makatazo, ukurasa kwa ukurasa.
Hapakuwa na neno juu ya maji.
Chini yangu mashine zilikuwa zimefika kwenye kukamua,
vikombe vinatetemeka kabatini.
Nikatafuta kadi, nikatafuta stempu.
Nikaandika: Ndiyo, bibie.
Mpaka kwenye kiwiko.