Kumbukumbu za Mkutano wa Januari

Tulikutana ukumbini, kando ya mashine za kufulia.
Nyumba arobaini na mbili, chama kimoja cha wenye nyumba,
Manchester ya New Hampshire, si ile ya mpira.
Nje theluji ilifika magotini. Aliyepewa zabuni ya kuizoa
ni shemeji wa mwenyekiti,
na hilo halikuwamo kwenye ajenda.

Mimi ndiye katibu. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko,
na kwa sababu nilichelewa kukataa.

Mwenyekiti ni Bwana Thibault. Kiti chake cha kukunja, kama vyetu,
ila amekiwekea mto.
Katiba inataka wajumbe watatu kati ya watano.
Tulikuwapo wawili, yeye nami.
Wa tatu, Gagnon, mweka hazina, aliikimbia baridi, yuko Florida;
alikuwamo ndani ya simu,
na simu ililazwa mezani karibu na sahani ya biskuti.
"Akidi imetimia," akasema Thibault.
Nikaandika: imetimia.

Hoja ya kwanza: namba kumi na nne, Bi. Pelkey.
Mteremko wa mbao mlangoni, umejengwa bila kibali.
Faini dola ishirini na tano kwa siku,
siku mia na thelathini,
dola elfu tatu mia mbili na hamsini,
bado ada ya wakili.
Pendekezo: nyumba iwekewe zuio, isiuzike hadi deni lilipwe.

Nilimwona mkwe wao akizikata zile mbao Septemba,
msumeno ukilia mtaa mzima.
Kwetu Pangani husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Ule wa mkwe ulikata mbao tu,
mtu apate kutoka nje.

Maana Roland Pelkey naye alikuwa mwenye kiti.
Chake kilikuwa na magurudumu.
Aliomba kibali mara mbili. Barua zake ninazo kwenye faili,
zimegongwa mhuri, zikaisubiri kamati ya mandhari
ambayo haijakaa tangu Aprili.
Novemba walimshusha kwa mteremko ule ule, safari hii amelala.
Siku ya mazishi nayo ilihesabiwa: dola ishirini na tano.

Nikasema: Bwana Mwenyekiti, sheria ya nchi inamlinda asiyeweza kutembea.
Tukishtakiwa tutalipa sote,
hata mimi ambaye paa langu bado ni la benki.
Akasema: hilo usiliandike.
Nikaandika.

"Wanaokubali?" Akainua mkono wake mwenyewe.
"Gagnon?"
Simu ikakoroma, ikasema, "Halo? Halo, mnanisikia?"
kisha kimya,
na mashine moja ya kufulia ikaanza kukamua.
"Amekubali," akasema Thibault. "Andika wawili kwa mmoja."

Kwa lugha yangu karatasi hii huitwa kumbukumbu.
Neno hilo hilo tunawatumia marehemu.
Nikatafuta namna ya kukumbuka jambo ambalo halikutokea,
sikuipata.

*Saa moja na dakika arobaini usiku*, niliandika, *simu ilikatika.
Wajumbe waliobaki: wawili.*
Nikapiga mstari chini, nikatia sahihi,
nikamsogezea peni.

Aliitazama muda mrefu.
Sahanini zilikuwa zimebaki biskuti tatu,
na hakuna aliyezigusa.