Nusu Saa ya Maji

Zamani msaada ulikuja na lori:
mchele, mafuta, maziwa ya unga,
na kijana wa kupiga picha. "Mama, shika gunia vizuri."
Mama akashika, ushungi kaushusha hadi kwenye nyusi.
Mchele tulikuwa nao. Tulichokosa ni maji.

Nusu saa yetu ya falaji, usiku wa Jumanne,
baba aliiweka rehani kwa Sulaymu bin Humaid
mwaka alioumwa figo.
Akafa. Mitende kumi na mmoja ikabaki
ikigonganisha makuti kama meno.

Mwezi wa Shaabani simu ikalia:
riali themanini, kwa jina la Rayya binti Mas'udi.
Hakuna aliyebisha hodi.
Hakuna aliyeuliza, utazifanyia nini?
Akausoma ujumbe mara tatu, akanipa mimi nisome,
kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

"Mama, tununue mbuzi?"
"Subiri."
"Viatu je?"
"Nimesema subiri."

Mwezi wa tano akajitanda, akatoka na bahasha.
Akarudi na karatasi ya baba.

Jumanne hiyo, saa nane za usiku,
tulikwenda mferejini na kurunzi.
Aling'oa jiwe na matambara kwa mikono yake.
Maji yakatupita vidoleni,
yakaingia shambani bila kuuliza njia.

Hakulia. Alisema tu,
"Kesho nitamwita Bi Thuwaiba, tunywe kahawa."
Miaka mitatu hakuwa amemkaribisha mtu.