Mirija Sitini na Nne

Pale Isyonje, saa kumi na mbili asubuhi,
ukungu umelala barabarani kama blanketi lililolowa,
watu wanapuliza viganja,
na Landrova yangu peke yake ndiyo iliyoona joto.
Ilichemka. Ikatema kifuniko.
Anyosisye, tandiboi wangu, akaruka na dumu
akateremka korongoni kama anayefukuza mbuzi.

Mikungu arobaini ya ndizi kutoka Kiwira
ikasubiri, mibichi, haina haraka.
Mimi ndiye niliyekuwa naiva.

Mafiati, nyuma ya duka la betri,
Lwitiko akaifungua rejeta, akailaza juu ya tairi
kama samaki wa kuparuliwa magamba.
Akaziba midomo yake kwa vipande vya mpira wa baiskeli,
akatia upepo, akaizamisha kwenye pipa.
Mapovu yakapanda: hapa, na hapa,
na hapa tulipotia yai na manjano mwaka juzi
tukajisifu tumetibu.

"Mama Tusekile, si tundu. Ni matundu."

Tweve wa dukani anayo mpya, ndani ya boksi,
alumini, na tangi la plastiki,
nyepesi hata mtoto anaibeba kichwani.
Laki nne na nusu. Nikavuta, akavuta,
tukakutana kwenye laki tatu na themanini.
"Ila mabano hayalingani," akasema, macho pembeni,
"utachomelea kidogo."
Hilo "kidogo" nalijua.
Limeshakula ng'ombe wangu mmoja.

Kuifufua: laki mbili na thelathini,
kiini kipya cha shaba, kinakuja na basi la Iringa, siku nne,
matangi yaleyale, la juu na la chini.
Kuziba tu kwa risasi: elfu sitini,
na Isyonje iko palepale.

Wahenga hawakunisaidia.
Mmoja ananiambia kipya kinyemi,
kidonda akaniachia nikimalizie mwenyewe.
Mwingine, ya kale dhahabu.
Hakuna kati yao aliyepanda kutoka Kiwira
na mikungu arobaini mgongoni.

Basi Lwitiko akawasha gesi,
akalibandua tangi la juu, nione kwa macho yangu.
Mirija sitini na nne. Kumi na tisa imekufa.
Akaichokonoa kwa spoku, akanimwagia kiganjani
uchafu mgumu, wa rangi rangi:
huu mwekundu ni Igurusi, siku mkanda ulipokatika;
hii chokaa ni Songwe, sina shaka;
huu mweusi sikuutambua
mpaka nilipokumbuka mfereji wa mpunga, Ubaruku, usiku,
na marehemu kaka yangu Gwamaka
akichota maji kwa kofia yake.

Kumbe kila maji yaliyotuokoa
yalibaki humu, yakituziba.

Sikuamua kwa mapenzi, nisisingiziwe.
Niliamua kwa mabano,
kwa matundu manne ya boliti yasiyopokea mgeni.
Nikasema: toa kiini, acha matangi.
Kiini cha zamani tukakiuza kwa kilo.
Shaba ni shaba: ikalipa nauli ya kile kipya
na chapati za watu watatu.
Ule uchafu mwekundu niliupukuta.
Mweusi nikaufunga
kwenye karatasi ya bei ya Tweve.

Jumatano nimepanda.
Mshale ulifika nusu, ukatulia
kama mtu aliyekuta kiti chake hakijakaliwa.
Ukungu uleule. Wapuliza viganja walewale.
Anyosisye hakuruka.

Dumu lipo, limejaa,
maji ya mvua niliyoyachuja kwa kanga.
Hakuna aliyelitaja njia nzima.
Ila kila kona, niliona,
mguu wake ulikuwa ukiligusa.