Mstari Mmoja wa Buluu

Kilo nne za mulondo, Wandegeya, kwa Nabbosa,
na deni la elfu sita nikabaki nalo.
Alinichagulia mizizi minene, yenye udongo wa Mpigi,
akauvunja mmoja chini ya pua yangu: "Nusa kwanza."
Nikanusa. Harufu tamu, ya maziwa na kuni mbichi,
ikaning'ang'ania vidoleni mpaka maabara.

Nilikuwa namtafuta mmoja tu kati ya maelfu,
kimeng'enya kizuia kutu, mlinzi asiye na panga.
Maana hewa hii hii tunayoishi kwayo
hututia kutu taratibu, kama bati la paa;
na mzizi, gizani, bila daktari, bila hirizi,
una wake anayesimama mlangoni
akipokea sumu, akitoa maji na pumzi.

Nikamenya, nikakata, nikasaga juu ya barafu.
Nikachuja kwa kitambaa cha marekani;
makapi nikatupa.
Mashine ikazunguka hadi meza ikatetemeka;
mashapo nikatupa.
Nikatia chumvi kidogo kidogo, kwa subira ya asongaye kalo,
mpaka maji yakaota ukungu, na ukungu ukatua.
Ukungu ndio niliouweka. Maji yake, sinki.

Siku ya tisa umeme ukakatika saa mbili usiku.
Jenereta ya jengo huwekewa dizeli siku za wageni tu.
Okwir, mlinzi wa zamu, akanishikia tochi ya simu,
nikapanda boda hadi Kalerwe, kwa wauza ngege,
nikanunua barafu yenye magamba.
Nikazifukia tyubu zangu humo
nikakesha nikizihesabu kama vifaranga.
Alfajiri zilinuka samaki. Lakini zilikuwa hai.

Kisha safu ya kioo: tone, tone, tone,
tyubu sitini, na katika ile ya thelathini na moja,
nilipodondosha dawa ya kusafishia vidonda,
povu.
Povu jeupe, likipanda kama tonto lililokasirika.

Nikampima siku nyingi. Hupenda joto la mwili wa mtu,
hapendi uchachu wala magadi.
Kwa nyuzi sitini huzubaa;
kwa sabini amekufa, hata umrudishe barafuni haamki.
Na kwenye jeli: mstari mmoja wa buluu,
mwembamba kuliko unyusi.
Mmoja! Nikamwita Okwir aje auone.
Akatazama kwa adabu, akauliza,
"Basi sasa utakuwa unalala nyumbani?"

Jumamosi nikaenda kulipa deni, picha mkononi.
Nabbosa akaikodolea, akaigeuza nyuma, akairudisha.
"Kilo nne?"
Kilo nne.
"Na ile harufu, umeiweka kwenye chupa gani?"

Harufu nilikuwa nimeimwaga siku ya kwanza,
saa nne asubuhi, kabla hata ya chai,
nikafungulia bomba juu yake.
Sikumwambia. Nadhani alijua.
Akahesabu noti, akazisokomeza kwenye mshipi wa gomesi,
akapekua gunia, akatoa mzizi mfupi, uliopinda,
ule ambao hakuna mteja angeununua.
"Huu usiusage."

Nikautafuna kwa miguu mpaka Mulago.
Mchungu kwanza. Kisha, karibu na lango la hospitali, mtamu.
Sikupima kitu.