Kitufe cha Kijumba

Bi Enid Colclough alinikabidhi kwa mikono miwili.
"Chukua, bata," akasema (huku Stoke watu huitana bata),
"la sivyo Jumatatu kinakwenda jaani."

Skrini ya ukubwa wa sinia dogo,
kibodi inayoning'inia kwa waya,
na pembeni kitufe chekundu chenye picha ya kijumba.
Marehemu mumewe alikinunua mwaka elfu mbili
ili wamwandikie binti yao Lorraine, Kanada.
Bei ya kutupa. Kampuni ilipanga kula polepole, mwezi kwa mwezi.
Ukibonyeza kijumba, kinapiga simu,
namba moja tu; hakikufundishwa nyingine.
Kampuni ikafa kabla ya mume.
Kijumba kikaendelea kubisha hodi
na ndani hamna wa kusema karibu.

Mimi nilikuwa fundi simu, Tabora, nyuma ya stendi,
kabla sijaja Hanley kuogesha wazee wa watu
kwa kibali chenye jina la mwajiri mmoja.
Februari mwajiri kanyang'anywa leseni.
Barua ikaja: siku sitini.
Sikuirudia kuisoma. Nilitafuta bisibisi.

Skrubu sita. Ya saba imejificha chini ya kibandiko
kilichoandikwa usifungue.
Ndani, vumbi la sebule ya watu, unywele wa paka,
na soketi ya diski, tupu, haijawahi kuguswa.
Waliiacha ya nini?
Labda kule kiwandani alikuwapo mmoja mwenye moyo,
akanyamaza, akaipitisha.

Lakini mwenzake alikuwa na roho yake:
mguu wa kwanza kauweka mahali pa mwisho,
safu nzima kinyumenyume,
mtu kama mimi achoke.
Nikalehemu nyaya arobaini na nne mezani jikoni,
Tafadzwa akigomba kwamba moshi unaingia kwenye sadza yake.
Nikaunguza kidole. Nikaunguza kitambaa cha mwenye nyumba.
Nikawasha.

Giza.

Waya wa kumi na tisa ulikuwa umelalia wa ishirini.
Nikawatenganisha kwa wembe,
nikawasha tena,
na herufi nyeupe zikaanza kushuka
taratibu, kama karani anayesoma mirathi.

Mfumo niliokipa ni mwembamba, wa bure, hauna mwenyewe.
Kumbukumbu ya kifaa ni kiganja cha mtoto;
nilikilisha tonge moja moja,
nikasinzia, nikaamka, asilimia thelathini na nne,
nikachemsha chai, thelathini na tano.

Saa nane za usiku maswali yakaanza.
Mashine iitwe nani?
Leo tarehe ngapi?
Betri yake ilishakufa, kwake bado ni Januari mosi, elfu mbili:
kampuni ingali hai,
mzee Colclough yuko dukani anahesabu noti.
Nikaiambia ukweli. Ikapokea bila ubishi.
Kisha: andika nywila ya mwenye mamlaka yote.
Nililitazama swali hilo hadi chai ikapoa.
Halafu nikaandika,
na haikutaka kujua nani kaniruhusu.

Jumamosi nikapanda basi nacho, nimekiviringisha taulo.
Zimebaki siku arobaini na moja; hilo sikumwambia.
Mlezi mpya alikuwa mlangoni anavaa koti, jicho kwenye saa.
Nikachomeka. Dirisha la buluu, saa pembeni, daftari.
Kijumba nilikuwa nimekipangia kazi nyingine:
kifungue ukurasa mtupu, basi.

Bi Enid akabonyeza.
Akainamisha sikio kusubiri ule mluzi wa zamani.
"Mbona kimya, bata?"
"Hakimpigii mtu tena."
Akaguna. Akasogeza miwani.
Akanyoosha kidole kimoja juu ya kibodi
na kuitafuta L,
muda mrefu,
sikumwonyesha ilipo.