Sukari Nusu

Mkono wangu wa kulia umelala ndani ya plasta,
mzito, mweupe, kama mtoto wa watu niliyeachiwa nimlee.
Juzi niliteleza kwenye ngazi za sauna,
ndoo ikaniponyoka, mustikka zikatapakaa nyasini,
na Tauno akapiga kelele, "Usisogee!"
Mpaka leo sijui alihurumia mifupa au beri.

Basi leo mimi ni mdomo, yeye ni mikono.

"Siagi iwe baridi."
"Ni baridi."
"Iguse."
"Nimeigusa, Irja."

Huyu ni mtu wa trekta na misumeno,
vidole vyake huitambua nati gizani kwa kipimo chake,
ila mbele ya bakuli la unga amesimama
kama aliyeingia matangani asimjue marehemu.
Unga wa ngano. Ngumi moja ya shayiri.
Iliki, iliyosafiri kuja Kuhmo
kuliko yeyote kati yetu alivyowahi kusafiri.

Anaukanda mno. Namwambia.
Unga wa pai si wa mkate,
ukiusumbua unanuna, unatoka tanurini kigae.
Anaendelea kidogo, kwa ukaidi tu,
halafu anaacha, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Sasa beri. Anaondoa majani, anapuliza sisimizi
mmoja mmoja, wala hawaui.
Hizi ni zile zile za ndoo.
Tuliporudi hospitali usiku ule, saa tano,
mbingu ya Julai bado haijakata shauri kuwa giza,
nilimwona kwa dirishani amepiga magoti nyasini,
mbu wamemjaa shingoni kama kola,
anaokota.
Sikumwambia kuwa nilimwona.

"Sukari?"
"Kikombe kimoja. Kijae."
Akanigeuzia mgongo, mpana kama mlango wa ghala.
Nikasikia kijiko. Nikasikia kimya.

Harufu ya kwanza ilikuwa iliki, ya pili siagi,
ya tatu sina jina lake,
labda kuvu la msituni mvua ikishapita.
Kisha maji ya beri yakafurika ukingoni,
yakadondoka kwenye chuma cha moto, moshi ukatanda,
king'ora cha darini kikalia kama mwehu
na Tauno akakitwanga kwa ufagio.
Helvi wa ng'ambo ya ziwa akapiga simu
kuuliza kama tunaungua
au tunapika.

Imetoka imepinda upande mmoja, imepasuka katikati.
Akanikatia, akanishika mkono wa plasta
ili sahani isiniteleze mapajani.
Nikatia kinywani. Ulimi ukaruka.

"Umesahau sukari."
"Sikusahau. Nimeweka nusu."
"Kwa nini?"
Akaitazama sahani yake muda mrefu.
"Ndivyo ninavyoipenda."

Miaka arobaini na mmoja.
Kila Julai pai tatu, nne, na Krismasi moja ya beri za friza,
na kila mara alimaliza, akapangusa sahani kwa kidole,
akasema asante, akatoka kwenda kupasua kuni.

"Na hukusema?"
"Hukuniuliza."
Akatafuna. Akameza.
"Halafu ulikuwa unafurahi sana."

Nilitaka kukasirika. Sababu nilikuwa nazo,
na plasta juu yake.
Lakini ule uchachu ulikuwa umeshaniingia mashavuni,
ukanikaza taya, ukanitoa machozi kidogo,
na nyuma yake ikaja beri yenyewe,
jinsi ilivyo kichakani
kabla mtu hajaisahihisha.

Kwenye plasta alikuwa ameacha alama,
vidole vinne vya zambarau, na cha tano kimefifia.
Daktari atauliza.

Nikaisukuma sahani kwa mkono wa kushoto.
"Kata kingine," nikasema.
"Na ule unga, Tauno,
nilikwambia usiukande."