Shati Lisilo na Jasho

Watu wa Kurlandi walisema nyumba ile ina watu wanne:
Baroni Gothard, mkewe Leontina,
Daktari Tideman, aliyekuja kwa siku tatu akakaa miaka miwili,
na Sidonia, binti wa Riga, mwalimu wa watoto
wasiokuwepo.
Mimi Lavize sikuhesabiwa. Dobi hahesabiwi.
Lakini siri ya mtu haikai kifuani, hukaa kwenye kola,
na kola zote zilipita mikononi mwangu.

Za baroni zilikuja safi.
Jumatatu baada ya Jumatatu, safi.
Nilizinusa: si jasho, si tumbaku, si farasi,
ila ubaridi wa jiwe la kisimani.
Nikazifua hivyo hivyo.
Maskini haulizi kwa nini kazi imekuwa nyepesi.

Shuka za Leontina ndizo zilizonizeesha.
Madoa mawili mawili, madogo kama mbegu za kitani.
Maji moto huyakaza, maji baridi huyabembeleza;
nikajifunza kubembeleza,
mpaka siku walipomfunika kwa shuka niliyoifua mwenyewe.

Daktari, mikono ya shati ina wino na nta.
Aliandika kitabu cha kuthibitisha kwamba hakuna kitu.
Kadiri alivyothibitisha, ndivyo alivyomaliza mishumaa.

Sidonia alikuwa na leso moja.
Septemba ilikuja na chumvi ya machozi.
Oktoba ilikuja haina chochote.
Hapo niliketi sakafuni, nikaacha maji yapoe.

Kwetu, ukungu ukilala juu ya mabua ya shayiri,
wafu hurudi kula.
Tunawawekea uji katika nyumba ya kuogea,
tunaacha mlango wazi, hatugeuki nyuma.
Niliweka bakuli la mama, la baba,
la kaka yangu aliyekwenda na ndui,
na moja la Leontina, maana nani mwingine angemkumbuka?

Asubuhi yote yalikuwa yamelambwa.
Ndani ya la baba,
kifungo cha fedha, chenye mbweha wa ukoo wa Gothard.

Sikupiga kelele.
Bwana mwenye kinu, mwenye ghala tatu,
mwenye mgongo wa baba yangu,
amesukumana gizani na wakulima wake
akigombea kijiko.
Hakuna aliyemwambia kuwa amekufa.
Nani angethubutu? Sote tulikuwa tumeinama.

Katika leso ya Sidonia nilikunja nauli ya Riga,
akiba ya miaka tisa. Akaondoka kabla jogoo hajawika.
Kisha nikashona kifungo mahali pake,
nikapiga pasi,
nikaingia kwa mlango wa mbele, mara yangu ya kwanza,
shati mikononi.
"Bwana," nikasema, "umekufa tangu mwaka wa njaa."

Hakunirukia.
Alilichukua shati, akaligeuza ndani nje,
akaliweka puani,
akatafuta jasho lake kwapani, kwenye kola, mgongoni,
akatafuta, akatafuta.